Samaki Saba wa Baba

Jumatatu, 19 Mei 2025

Baba ametoroka tena. Safari hii kakaribia kufika Soni. Kwa miguu! Mzee wa miaka sabini na sita, koti la kanisani, ndala mguu mmoja. Ya pili sijui kaiacha wapi. Benjamini wa gari la mboga alimwona akiwa anateremka Tanga na kabichi zake, akageuza gari, akamrudisha. Anasema alimwuliza, Mzee unakwenda wapi? Akajibiwa: kazini, boti inaondoka saa mbili, nimechelewa.

Alistaafu mwaka 2009.

Nimemwosha miguu. Alinitazama ninavyosugua, akasema asante mama. Mimi siyo mama yake wala mama yetu. Mimi ni Esteria, mtoto wake wa kwanza, nina miaka arobaini na tisa na majoho kumi na mawili ya kwaya ya kumaliza kushona wiki hii.

Mdogo wangu Kristian amepiga simu kutoka Dar. Nani kamwambia? Lushoto hii! Anasema, dada, sasa basi. Julai anachukua likizo, anakuja kumchukua Baba. Nyumba yake ina ukuta na geti na mlinzi, huko mzee hatatoka. Nikasema Baba siyo mbuzi. Akasema dada, umechoka. Ni kweli nimechoka, na ndiyo maana nilikasirika.

Mwaka juzi, akili yake ikiwa bado nzima, Baba aliniomba kitu kimoja tu. Este, msinipeleke kufia kwenye nyumba ya ukuta. Nikasema ndiyo. Hakuna aliyesikia zaidi yangu.


Jumatano, 21 Mei

Leo luninga ilionyesha samaki wa baharini. Baba alinyanyuka kitini, akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kuhesabu. Kwa sauti! Sauti ile ya zamani. Hakutoka mbele ya luninga mpaka kipindi kilipokwisha.

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Miaka thelathini na moja Tanga, anazamia na mtungi mgongoni na kibao cha plastiki mkononi, anahesabu samaki kwenye miamba na kuandika. Kuhesabu tu. Shuleni nilikuwa naona aibu kusema. Baba za wenzangu walilima viazi, wangu alihesabu samaki ambao hata hakuwala.

Nimepata wazo. Watu watanicheka. Wacheke.


Jumamosi, 31 Mei

Tangi limefika! Futi nne urefu, moja na nusu upana. Selemani fundi vioo ndiye kalitengeneza, yule wa madirisha ya alumini. Kanitania wiki nzima: Mama, samaki wa maji ya chumvi huku milimani? Ukitaka samaki si ununue perege pale sokoni, ukaange?

Maji yamepandishwa na Benjamini, madumu kumi na moja. Gari lake huwa linarudi tupu kutoka Tanga. Yamechotwa na Ramadhani, aliyekuwa kijana wa boti ya Baba enzi hizo. Siku hizi naye mtu mzima, anavua samaki hai kwa wavu wa mkono na kuwauzia watu wanaowafuga majumbani. Ametuma pia mawe ya baharini kwenye gunia lililolowa.

Baba alifungua dumu la kwanza, akachovya kidole, akalamba. Haya ya nje, akasema, siyo ya bandarini. Nikampigia Ramadhani. Kweli, ameyachota nje kabisa.

Pampu inafanya kazi. Hita inafanya kazi. Nikasema tulete samaki Jumatatu. Baba akanikatalia. Maji yazoeane na mawe kwanza, wiki tatu. Nani anaongea hivi? Miezi sijamsikia akinikatalia kitu.


Jumapili, 8 Juni

Baridi. Umeme ulikatika tangu mchana mpaka tumerudi ibadani jioni. Nimelishonea tangi koti, kitambaa cha blanketi na bitana ya majoho, na vifungo mbele. Limekaa vizuri kuliko makoti ya watu wengine humu Lushoto.

Maji yalipungua vidole viwili. Nikachukua dumu la akiba la maji ya bahari nijazie. Baba akanishika mkono. Hapana, mwanangu, chumvi haiondoki na mvuke, inabaki. Ongeza maji ya mvua. Nikasimama pale na dumu langu kama mjinga. Sikujali. Ameniita mwanangu.

Siku ishirini hajatoroka.


Jumanne, 17 Juni

Leo tumechagua samaki. Nimechagua mimi. Niandike ilivyokuwa.

Baba anataka samaki wa kundi, wanaogeuka pamoja. Ramadhani alipiga simu, nikaweka spika. Shikamoo Mzee Tobia. Marahaba Ramadhani, bahari imekaaje? Nikashangaa, jina kalijua mara moja. Ramadhani akasema anaweza kupata aina mbili. Kuna wenye milia na macho makubwa, wapole, wanakaa kivulini. Na kuna vile vidogo vya rangi ya buluu na kijani, wenye biashara wanaviita kromisi. Nimewaona kwenye simu wakipita kundi zima, wanametameta! Moyo wangu ulikwenda huko huko.

Baba akasema macho makubwa. Watano, basi. Hao wanavumiliana. Akaeleza kwamba dume hubeba mayai mdomoni, halili chochote mpaka yaanguliwe. Na wa buluu? nikauliza. Hapana. Baharini wale wanashikamana kwa sababu kuna wa kuwala. Humu kisandukuni hakuna wa kuwala. Mwenye nguvu atamdonoa mnyonge, akiisha huyo atamgeukia mwingine, mpaka abaki peke yake.

Alisema hivyo, wazi kabisa. Halafu, bila hata kumeza mate, akaniuliza: mama yenu amerudi kutoka Mgwashi? Mwambie leo asibebe kuni, kuna utelezi.

Mama tulimzika miaka sita iliyopita.

Nilitoka nje na simu. Mtumishi alihubiri juzi juzi kwamba chemchemi moja haitoi maji matamu na machungu. Nikajiambia ndiyo hivyo. Kama la Mama ni la ugonjwa, na la samaki ni la ugonjwa. Ramadhani akasitasita: dada, Mzee kasema macho makubwa. Nikamjibu Mzee hajui hata leo siku gani. Lete wa buluu, saba.

Macho yake yana ukungu. Nataka kitu kinachong'aa, akione. Na Kristian naye akione, atakapokuja. Niseme ukweli wote hapa, maana hakuna anayesoma: na wa jumuiya yetu ya sala pia wakione.


Jumamosi, 21 Juni

Wamefika! Wazima wote saba. Mifuko ya nailoni yenye oksijeni, ndani ya boksi la tambi lililofunikwa kanga. Benjamini kaendesha taratibu kona zote za Soni, anasema hata akina mama wajawazito hajawahi kuwabeba hivyo.

Baba aliifanya kazi mwenyewe. Akaiweka mifuko juu ya maji, ikaelea. Akaongeza maji kikombe kimoja, akangoja, kikombe kingine. Mikono haikutetemeka. Mtu huyu hawezi kufunga vifungo vya shati lake!

Alipowaona vizuri akanigeukia. Hawa sio niliowataja.

Ndio hao, Baba. Ulisema wa buluu.

Akafikiri. Nilisema?

Ndiyo.

Haya.

Nimeliandika haraka hilo ili lipite.


Jumatatu, 23 Juni

Ee Mungu, wanavyopendeza. Wakigeuka wanageuka wote, sebule nzima inapata mwanga. Baba ameamka, amenawa, amevaa, amekaa mbele yao kabla sijachemsha chai. Anahesabu kwa kidole, kisha ananiita jikoni. Este! Saba! Nami najibu saba, Baba. Jana hivyo, leo hivyo.

Nimempigia Kristian. Nikamwambia anahesabu kila asubuhi na hakosei, anajua jina langu, hajatoka hata kwenye bustani. Nadhani Kristian alikuwa analia. Akasema, dada, kama ni hivyo, nikija tutazungumza upya. Kuna karatasi ya maswali amepewa na daktari. Atamwuliza Baba mwenyewe, taratibu, na akijibu vizuri atamwacha hapa.

Nimeimba nikishona. Sindano imenichoma kidole na bado nimeimba.


Jumapili, 29 Juni

Mmoja amekufa.

Nimemkuta asubuhi nyuma ya jiwe, mkia umeliwa, ubavuni hana magamba. Nimemtoa kwa chujio la chai, nikamfukia migombani kabla Baba hajaamka.

Akahesabu. Akahesabu tena. Este. Sita.

Kristian atakuja baada ya wiki tatu. Ana ile karatasi ya daktari. Niseme nini mimi? Nikasema saba, Baba, mmoja yuko nyuma ya jiwe. Akainama akachungulia. Hayupo. Yupo, nikasema, kajificha. Akarudi kukaa.

Nitamwomba Ramadhani alete mwingine, yaishe.


Alhamisi, 3 Julai

Jumuiya ilikuwa kwetu leo. Walijaa, mpaka wengine wakakaa jikoni. Tulipomaliza sala wote wakasogea kwenye kioo. Mama Heri, jirani yetu, akasema Mungu ni fundi. Watoto wakabandika pua. Mzee Nikodemo wa kanisa akamwuliza Baba kwa heshima: Mzee, wako wangapi hawa? Maana hawatulii, mimi wananishinda.

Baba alijinyoosha. Nilimwona anavyojinyoosha! Akasema sita. Walikuwa saba, mmoja amekufa Jumapili.

Watu wakanitazama mimi.

Nikacheka. Nikasema, Baba jamani, saba! Mmoja yupo nyuma ya jiwe, hapendi wageni. Kwa sauti ile tunayowasemeshea watoto. Wakacheka kwa upole. Mama Heri akampapasa bega: pole Mzee, ndiyo uzee. Mzee Nikodemo akatazama kofia yake.

Baba hakubisha. Alirudi kwenye kiti chake, na chai hakunywa.

Katika kabila letu mtoto hambishii baba yake mbele ya watu hata kama baba kakosea. Na huyu hakukosea. Alikuwa sahihi, mbele ya watu ishirini, nami nikampaka wazimu. Naona aibu kuandika. Nimeandika.


Jumamosi, 5 Julai

Watano. Aliyekufa leo ni yule mdogo mwenye doa. Nimemwona anayewadonoa, ni yule mkubwa, ameishika pembe ile yenye hita kama baba mwenye nyumba. Wengine wamebanwa upande wa pili. Hakuna tena kugeuka pamoja.

Baba alihesabu kwa mdomo, bila sauti. Halafu akaniita. Leo hakusema namba. Aliuliza: wako wangapi, Este?

Nikasema saba.

Akasema saba.


Jumatano, 9 Julai

Wanne.

Nimempigia Ramadhani, nikataka watatu wa kujazia. Akakataa. Dada, hata nikikuletea kumi, atawamaliza. Mzee si alikwambia? Nikasema alinichanganya. Akasema, dada, mimi nimezama naye miaka kumi na miwili, yule akisema samaki wako mia mbili na nne, we andika mia mbili na nne. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha akaomba radhi kwa kunisemea hivyo. Hakuna cha kuniomba radhi.

Nikamwuliza, tukimtoa yule mkubwa? Akasema atakayefuatia kwa ukubwa atachukua nafasi yake. Nilijaribu hata hivyo. Nilikimbizana naye kwa chujio nusu saa, nikamwaga maji sebuleni, sikumpata. Baba alikuwa amekaa pale pale ananitazama. Hakuniuliza ninafanya nini.


Jumatatu, 14 Julai

Baba haongei sana. Ananiuliza kila kitu. Leo ni Jumapili? Hapana Baba, Jumatatu. Nimeshakula? Hii ni mvua? Anauliza mvua hali inamnyeshea mkononi, ananingoja mimi niseme. Wiki sita zilizopita aliyajua maji ya nje kwa ulimi.

Huu siyo ugonjwa. Au siyo ugonjwa peke yake. Nimemfundisha kwamba macho yake yanadanganya, na yeye ni mtoto mtiifu siku hizi, amejifunza.

Leo asubuhi nilikusudia kumwambia. Nilipiga magoti kabisa pale mbele ya kiti, nikamshika mikono. Baba, nikasema. Akasema, naam mama. Nikashindwa. Nilimfunga vifungo.


Ijumaa, 18 Julai

Watatu. Kristian anafika kesho mchana.

Nimesafisha kioo. Nimepiga pasi shati jeupe. Nimemzoesha Baba siku na mwezi: kesho Jumamosi, Baba. Julai. Elfu mbili ishirini na tano. Anarudia vizuri.

Kuhusu samaki sikumzoesha kitu. Niligusa neno hilo nikaliacha. Nilitumaini Kristian hatauliza.


Jumamosi, 19 Julai

Kristian kaja. Amenenepa, ana mvi. Alimwamkia Baba akiwa amepiga goti, kama tulivyolelewa. Baba akampapasa kichwa na kusema karibu Kristian. Jina kamili! Tukala. Nikaanza kupumua.

Baada ya chai alitoa karatasi. Alikuwa mpole, siwezi kumlaumu. Baba, leo siku gani? Jumamosi. Mwezi? Julai. Mwaka? Akautaja. Una watoto wangapi? Wawili, ninyi. Mama yuko wapi? Hapo nilifumba macho. Baba akasema: mama yenu yuko juu kule, karibu na mkuyu. Ndiko tulikomzika. Kristian akanitazama, akatabasamu, akaandika.

Kisha akasema swali la mwisho, hesabu vitu unavyoviona. Akatazama huku na huku atafute vitu. Akacheka: aa, si samaki wako hawa! Alinyanyuka akafungua vifungo vya koti la tangi mwenyewe.

Wale watatu walikuwa pale mbele, wazi kabisa, hata mtoto wa chekechea angewahesabu.

Baba aliwatazama. Nikaona kidole chake kinasogea juu ya goti, moja, mbili, tatu. Nilikiona! Kisha akanitazama mimi. Muda mrefu. Kristian akasema, usiwe na haraka Baba.

Saba, Baba akasema.

Kristian hakuandika. Alikaa na kalamu. Akauliza tena, taratibu zaidi, na Baba akajibu saba, kwa sauti kubwa, kama mtu anayemaliza maneno.

Jikoni Kristian akaniuliza, dada, wewe uliniambia saba. Tangu lini hajui? Nikajibu samaki wamekufa wiki hii, labda hajazoea. Wiki hii! Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi naona yangu inaendelea tu. Kristian akafuta macho kwa taulo la vyombo. Akasema, nilitamani sana ajibu, dada. Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu kwamba mzee anabaki.

Wanaondoka kesho saa nane. Nimepanga nguo za Baba kwenye begi la buluu.

Nikisema kweli, Kristian atasema mwanamke aliyemdanganya baba yake mgonjwa kila asubuhi na mdogo wake kila simu siyo wa kuachiwa mzee. Nisiposema, Baba anakwenda kama mtu asiyejua tatu na saba. Nimegeuza huku na huku, njia ya tatu sioni.


Jumapili, 20 Julai

Tumetoka kanisani. Watu wamemuaga Baba mlangoni, mmoja mmoja. Mzee Nikodemo alimshika mkono mpaka nikadhani hatauachia. Kristian amekwenda mjini kujaza mafuta na kupima upepo wa matairi. Naandikia kwenye meza ya cherehani. Baba yupo kwenye kiti chake, amevaa koti, begi miguuni.

Nimemwuliza. Nimepiga magoti tena na safari hii nimeuliza.

Baba, jana kwa nini ulisema saba?

Akashangaa. Si ndivyo tunavyosema hapa nyumbani?

Nilishindwa kumtazama. Yeye akaendelea taratibu, kwa Kishambaa sasa, kwamba mtu hamwumbui mwanawe mbele ya mgeni. Nikasema Kristian siyo mgeni, ni mwanao. Akasema, naye pia simwumbui. Kama ningesema nionavyo, angekugombeza wewe. Mkigombana ninyi wawili, mimi nikafie wapi?

Nimelia. Siandiki zaidi kuhusu hilo.

Baadaye nikamwuliza, kweli Baba, wako wangapi? Tangi lilikuwa limefungwa koti lake, vifungo vyote, na yeye hakugeuka.

Wawili, akasema. Mmoja amekufa alfajiri. Jiwe la kushoto, kwa nyuma. Nilimwona kabla hujafunga.

Nimefungua. Wawili. Aliyekufa yupo jiwe la kushoto, kwa nyuma.

Gari limeingia. Kristian anaita kutoka uani, begi la dawa liko wapi? Nimemjibu aje ndani kwanza. Anasema tutachelewa, dada, nitolee tu mlangoni. Nimemwambia hapana. Njoo ndani, Kristian, ukae, nina neno la kukwambia mbele ya Baba. Kazima gari. Sasa yupo barazani, anavua viatu.